Mtu wa Asmani

Zuwena alitua chungu cha mawese juani, maana kivulini hapakuwa pake tena. Tangu aolewe alikuwa akiuzia chini ya paa la soko la Rumonge, mpaka Asmani, mkubwa wa soko, alipompa shemeji yake mwenyewe nafasi ile. Juani wanunuzi hawasimami. Wanauliza bei wakipita, basi. Nyumbani watoto walikula muhogo mtupu, na roho ilimuuma.

Asubuhi hiyo Wadachi, Wajerumani wa boma la Usumbura, walikuwa wamemtuma askari. Watu wachague mkubwa wa soko, Asmani Mmanyema au Bakari Mjiji. Bakari alishamwahidi Zuwena kumrudishia kivuli. Kwake yeye jambo lilikuwa jepesi, au ndivyo alivyodhani, maskini.

Askari, jitu la bara lisilopenda jua, hakuuliza mtu anamtaka nani. Aliuliza kabila.

"Manyema, nyuma ya Asmani. Wajiji, nyuma ya Bakari."

Warundi waliobatizwa hawakungoja kuulizwa. Katekista wao alishawaambia wamfuate Bakari, kwa kuwa alitoa mbao za kanisa. Wakamfuata, ingawa ni Mwislamu.

Zuwena naye akaelekea kwa Bakari. Shangazi yake, Kadidja, akamdaka mkono.

"Baba yako alikuwa Mumanyema. Dhikiri unasoma na sisi. Unaenda wapi?"

"Shangazi, Asmani alininyang'anya kivuli."

"Iko mwizi, najua. Lakini ukikufa, Wajiji ndio watakuja kukuosha?"

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mumewe alipofariki, Wamanyema ndio waliochimba kaburi na kulala matangani. Zuwena alisimama, akaona haya, kisha akaona hasira.

"Nikikufa mutaniosha, Shangazi. Leo niko muzima, na watoto wanataka kula."

Akajiponyoa, akavuka, akasimama nyuma ya Wajiji. Wajiji wenyewe wakamtazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Askari akaja. "Mama, kabila gani?"

"Baba yangu alikuwa Mumanyema. Lakini mimi namutaka Bakari."

"Manyema wako kule." Hakumkemea hata. Alimshika bega, akamrudisha kwa upole, kama mtu anayempangia mwenzake vyombo, kisha akaanza kuhesabu, akigusa kila mtu kwa fimbo.

Fimbo ikamgusa Zuwena.

"Mimi niko wa Bakari," alisema.

Askari alikuwa ameshafika kwa Kadidja.