Pudingi Haifunikwi Bila Wilf

Ellis Hallam alikuwa mwongo anayeheshimika. Katika kijiji chote cha Ashlow hapakuwa na mtu aliyeweza kudanganya kwa uso mkavu kama wake, na kwa kuwa alikuwa amefika miaka sabini na minne bila kufungwa jela, watu walimchukulia kama mvua: anakera, lakini utafanyaje. Ndiye aliyewapaka bata rangi ya buluu siku ya ziara ya askofu. Ndiye aliyetangaza stesheni, enzi zake za kuongoza ishara za treni, kwamba treni ya asubuhi imechelewa kwa sababu dereva amerudi nyumbani kufuata meno yake.

Sifa hiyo mbaya, aliyoijenga kwa jasho tangu utotoni, ilikuja kumfaa uzeeni. Kwa miaka miwili alikuwa akiitumia kumficha dada yake.

Hilda alikuwa mjane, naye aliishi na Ellis katika nyumba ya wazazi wao, nyuma ya kanisa. Akili yake ilikuwa imeanza kuvuja. Viatu vilipokutwa ndani ya oveni, Ellis alisema ni yeye, utani tu. Paka alipofungiwa kabatini, ni Ellis. Hilda aliposimama dukani amevaa gauni la kulalia juu ya koti, Ellis aliwaeleza waliokuwapo kwamba walikuwa wamewekeana dau na dada mtu ameshindwa. Watu walicheka, wakatikisa vichwa, wakasema maskini Hilda, kuishi na kichaa yule.

Asiyecheka alikuwa Beryl. Huyu alikuwa binti wa pekee wa Hilda, mwenye duka la nyuzi za kufumia mjini Chesterfield, na mtu anayeshinda akitafuta ncha ya uzi uliovurugika si rahisi kumpiga chenga. Mwezi wa tisa alikuja akakuta gesi imefunguliwa bila moto. Ellis alijitwika lawama kama kawaida. Beryl alimwambia mjomba wake kwamba karibu na kwake kuna nyumba ya wazee, ina chumba kitupu, na dirisha lake linatazama bustani. Angekuja tena Jumapili ya kukoroga pudingi ya Krismasi, ile keki nzito ya matunda inayopikwa kwa mvuke. Akiona jambo moja tu la kutisha, basi mama yake hataila pudingi hiyo katika nyumba ile.

Jumapili hiyo huangukia mwishoni mwa Novemba. Kanisani, sala ya siku humwomba Mungu azikoroge nia za waumini zilizolala. Wanawake wakilisikia neno hilo la kukoroga hukumbuka kwamba hawajanunua zabibu kavu, na kwa njia hiyo ibada huleta manufaa. Mwaka huo Ellis naye aliomba, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Hakuomba nia yake ikorogwe. Aliomba dada yake asisahau mayai.

Maana pudingi ya akina Hallam haikuwahi kuandikwa popote. Ina vitu kumi na vitatu, kwa heshima ya Bwana na mitume wake, na vyote vilikaa kichwani mwa Hilda, kichwa hichohicho kilichoweka viatu kwenye oveni. Kwa hiyo, kabla Beryl hajafika, Ellis alivipanga vyote mezani kwa safu, kuanzia kushoto: unga, mkate uliosagwa, mafuta magumu ya figo ya ng'ombe yaliyokunwa, sukari nyeusi, na kuendelea hadi kwenye chupa ya bia nyeusi. Hilda angehitaji tu kunyoosha mkono na kwenda kulia, kama treni inayofuata reli. Ellis alirudi nyuma akaitazama kazi yake. Katika udanganyifu wote wa maisha yake, huu ndio uliokuwa safi kuliko wote, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Beryl alifika akiwa amelowa. Alimbusu mama yake, akaikagua meza, akamkagua mjomba. Alivua koti akakaa karibu na jiko kama mtahini.

Hilda alifunga aproni. Alitazama ile safu ya mabakuli, akaguna, kisha akaanza kuivuruga. Mkate ukaenda huku, sukari kule, mafuta yakarudishwa dirishani yasilegee kwa joto.

"Nani kapanga hivi?" Hilda aliuliza. "Mtoto wa chekechea?"

"Malaika, dada," Ellis alisema.

"Malaika gani anatanguliza unga kabla ya zabibu? Umenawa mikono wewe, au unataka tule masizi ya treni ulizostaafu nazo?"

Beryl alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo kilichomponyoka, lakini Ellis alikisikia, akaenda kunawa kwa furaha.

Basi Hilda akafanya kazi. Alikuna kungumanga bila kuitazama, akakata maganda ya machungwa yaliyokaushwa kwa sukari, akavunja mayai kwa mkono mmoja huku akiwasimulia jinsi mke wa kasisi alivyoimba kanisani kama mlango usiotiwa mafuta. Hakukosea kitu. Ellis alihesabu vyote kumi na vitatu vikiingia, kila kimoja kikimwondolea jiwe moja kifuani. Harufu ya mdalasini na bia ilijaa jikoni, madirisha yakafunga ukungu, na mashavu ya Beryl yakapata rangi. Alianza hata kumuuliza mama yake kuhusu Krismasi, nani aalikwe, kama bata mzinga atoke kwa yule mkulima wa mwaka jana. Ilikuwa karibu saa kumi, giza la mapema la majira ya baridi linaingia nje, na Ellis Hallam alianza kuamini kwamba Mungu husikia hata sala za watu wa aina yake.

Ikabaki kukoroga. Hii nayo ina utaratibu wake. Kila mtu wa nyumba hushika mwiko, akakoroga kutoka mashariki kwenda magharibi kama walivyosafiri wale mamajusi, yaani kwa akina Hallam kutoka upande wa dirisha kwenda upande wa mlango. Hufumba macho, akaomba jambo moja kimya kimya. Wakubwa huanza, wadogo humaliza. Hilda alikuwa na miaka sabini na minane. Zamu ya kwanza ilikuwa yake.

Alichukua mwiko. Hakukoroga. Aliangalia mlangoni.

"Wilf yuko wapi?" alisema.

Beryl aliinua macho taratibu, akamtazama mjomba wake.

Wilf alikuwa kaka yao mkubwa. Vita vya pili vya dunia vilipowaka alipelekwa Burma, na Novemba ile mama yao aliifunika pudingi bila yeye, maana mtu aliye Burma hawezi kukoroga bakuli la Ashlow. Wilf hakurudi. Mama yao hakulaumu mtu, ila tangu hapo hakukubali tena bakuli lifunikwe kama kuna hata mmoja wa nyumba hajashika mwiko. Mwaka ambao Ellis aliugua mafua makali, bakuli lilipandishwa ngazi hadi kitandani kwake, akakoroga huku akipiga chafya, na mambo mengine kuhusu pudingi ya mwaka huo ni bora yasisemwe.

Ellis alijaribu mzaha. Alisema Wilf amechelewa kama kawaida yake, labda wao waanze, naye akaunyooshea mwiko mkono. Hilda alimpiga nao vidoleni, kwa nguvu.

"Wilf ndiye mkubwa. Tukifunika bila yeye hatarudi." Aliukumbatia mwiko kifuani. "Ellis, hatarudi. Nenda kamtafute."

"Mama," Beryl alisema, akasimama.

Hilda alimgeukia, akamtazama kwa adabu kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Ellis alijua kwamba mchezo umekwisha. Hata hivyo mtu akizoea kudanganya miaka sabini, miguu humtangulia. Alisema, "Naenda kumwita," akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwenye kibanda cha makaa palikuwa na koti lake zito la kazini, limening'inia hapo tangu alipostaafu. Alilivaa, akainua ukosi, akashusha kofia hadi kwenye nyusi. Wilf alikuwa mtu wa hatua nzito, na kila alipofika nyumbani alipiga mluzi wa noti mbili kabla ya kugusa komeo, mbwa asimbwekee. Ellis alisimama kwenye mvua akatafuta mluzi huo midomoni. Ulikuwapo. Alishangaa jinsi ulivyokuwa karibu.

Alipiga mluzi, akasukuma mlango, akaingia kwa hatua nzito.

Hilda hakupiga kelele wala kulia. Mabega yake yalishuka tu, kama mtu aliyetua ndoo. "Umelowa," alisema, akamkabidhi mwiko.

Ellis alishika mwiko kwa mkono wa kaka yake aliyekufa, akakoroga kutoka dirishani kwenda mlangoni. Rojo lilikuwa zito. Beryl alikuwa amejibanza kando ya jiko, kiganja mdomoni. Ellis hakumtazama. Alifumba macho, lakini hakujua mtu kama Wilf angeomba nini.

Hilda alimsogelea. Aliangalia huku na huku, akashusha sauti.

"Kaka, afadhali umekuja. Sitaki Ellis asikie. Mimi nasahau mambo."

"Mambo gani?" Ellis aliuliza, kwa sauti nzito ya Wilf.

"Yote. Nikiamka sijui ni lini. Naweka vitu, sijui nimeviweka wapi. Naye anasema ni yeye kaviweka, eti anatania. Anadhani sioni." Alicheka kidogo, bila furaha. "Namwacha adhani hivyo. Anajisikia vizuri."

Ellis aliendelea kukoroga, ingawa zamu ya mtu mmoja haiwi ndefu kiasi hicho.

"Amekonda," Hilda alisema. "Umemwona? Haendi tena kucheza domino. Usiku anakaa kwenye kiti mlangoni kwangu, kichwa kinamwanguka, anadhani nimelala. Yeye ni mdogo, Wilf. Atakufa kabla yangu kwa ajili ya kunilinda. Wewe ndiye mkubwa. Nitafutie mahali pa kukaa, wenye kazi hiyo wanitazame. Nikimwambia yeye atakataa, ataleta mzaha."

Nje maji yalikuwa yakitiririka kwenye mfereji wa paa. Kulikuwa na maneno mengi ambayo Ellis angeyasema, na yote yalikuwa mzaha.

"Nitatafuta," Wilf alisema.

"Ahidi."

"Nimeahidi, Hilda."

Hilda alimpigapiga kwenye mkono wa koti lililolowa, akachukua mwiko, akafumba macho na kukoroga zamu yake. Alipofumbua, uso wake ulikuwa mwepesi. Alitazama jikoni nzima.

"Haya, sasa Ellis. Kaenda wapi yule? Ukimtuma kitu harudi."

Ikabidi mtu mwenye koti aseme anaenda kumwita Ellis.

Kibandani alivua koti, akalitundika. Alikaa juu ya lundo la makaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na suruali ya kanisani, akakaa hapo hadi pumzi zake zilipotulia. Alikuwa amewahi kuwadanganya askofu, stesheni nzima na wakaguzi wawili wa reli, na katika nyumba yake mwenyewe alikuwa amepigwa chenga kwa miaka miwili na mwanamke asiyekumbuka siku. Ingekuwa amefanyiwa mtu mwingine, Ellis angecheka hadi akae chini. Alikuwa tayari amekaa chini.

Aliporudi, Hilda alimgombeza kwa kuchelewa na kwa matako yenye makaa. Ellis alishika mwiko. Ombi lake alikuwa nalo tangu asubuhi, amelikunja tayari kama leso mfukoni: Hilda abaki. Abaki hapa, basi. Alifumba macho na kulitafuta, akakuta haliwezekani tena kusemwa; aliyeahidi alikuwa yeye. Alikoroga bila kuomba kitu.

Beryl alikoroga wa mwisho, mdogo kuliko wote akiwa na miaka hamsini na moja. Walijaza bakuli la udongo, wakalifunika kwa karatasi yenye mkunjo katikati na kitambaa juu yake. Hilda akazungusha uzi, akamwambia Beryl kwa jina lake, kama hapakutokea kitu, aweke kidole juu ya fundo. Bakuli likaingia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, mfuniko ukaanza kutetema, na mvuke ukaanza ile kazi yake ya saa nyingi.

"Wilf alikuja," Hilda alimwambia Ellis, amekaa sasa, ameegemea. "Ulimwona?"

"Nilipishana naye mlangoni."

"Amezeeka."

"Ndiyo, dada. Niliona."

Alisinzia hapo hapo kitini. Beryl alikuwa akiosha vyombo, amewapa mgongo, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Ellis alichukua kitambaa, akasimama kando yake, akaanza kufuta bakuli moja ambalo lilikuwa limekwisha kukauka.

"Kile chumba," alisema. "Kipo bado?"

"Kipo, Mjomba."

"Nataka niende nikakione kwanza. Hilo dirisha lenyewe. Na gesi yao." Alilifuta bakuli tena. "Halafu baada ya Krismasi, Beryl. Si kabla. Na usimwambie ni wewe uliyekitafuta."

Beryl alitikisa kichwa kukubali. Ellis aliweka bakuli chini, akachukua birika, akaongeza maji ya moto kwenye sufuria, maana pudingi ikikaukiwa na maji huungua chini na bakuli hupasuka. Kisha akavuta kiti karibu na jiko, akakaa kulinda.