Dakika Moja kwenye Skrini ya Mapokezi

Jumatatu asubuhi, chai haijapoa, mwandishi wa programu alirusha tangazo jipya kwenye skrini kubwa ya mapokezi. Mfumo wa kuchora haupewi picha mkononi. Unapewa anwani tu ya pale picha ilipowekwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nao huenda kuichukua wenyewe. Mwandishi huyo, dada wa watu, kwa haraka zake, aliiondoa picha na kuiachia nafasi ile mwingine yeyote kabla mfumo haujafika. Mfumo haukuuliza wala kubisha hodi. Ulifika kwenye anwani, ukachora uliyemkuta.

Ulimkuta Dakika Moja.

Huyo ndiye aliyekuwa mwandishi wa programu kabla ya dada huyu, kwenye kiti kilekile. Kila akiitwa kwenda kula alijibu, "Dakika moja," jina likamganda. Alifariki mwaka jana. Ofisi ilitangaza kwamba alifia njiani akirudi nyumbani, ikaleta na shada la maua ya plastiki, maana ofisi ina utu. Kwenye skrini alikuwa mezani, mkono kifuani, na nyuma yake mkurugenzi akimwambia, "Malizia hiyo kwanza, hospitali haihami."

"Amekonda," mlinzi alisema. Karani wa mapokezi akapunguza sauti ya skrini, kwa sababu simu zilikuwa zinaita.

Mchana akaja mjane. Tangu msiba alikuwa akiomba kitu kimoja tu: ofisi ikiri kwamba mumewe alifia kazini. Alitazama mwanzo hadi mwisho, kisha akatazama tena.

"Pole, shemeji," mwandishi wa programu alimwambia, na roho ilimuuma kweli. "Nikirekebisha mstari mmoja tu, anaondoka."

"Usiguse. Wamwone."

Mkurugenzi alishuka, akatazama, akasifu rangi.

"Mama, si unamwona mwenyewe yuko mezani? Sasa utasemaje amefia kazini mtu ambaye bado yuko kazini?"

Wafanyakazi wakatikisa vichwa kukubali. Wakubwa wana akili, Mungu awazidishie. Mkurugenzi akaigeukia skrini.

"Na ile ripoti je?"

Dakika Moja aliutoa mkono kifuani, akaurudisha kwenye kibodi.

Mjane akasogea karibu kabisa na kioo.

"Baba watoto, basi. Inuka twende nyumbani."

"Dakika moja," alijibu bila kugeuka.

Mjane akavuta kiti, akakaa kumsubiri.