Mayai Arobaini na Nane na Jua la Wifi

Watu wa mtaani walianza kumwita Mama Vifaranga kabla hajapata hata kifaranga mmoja. Alinunua mashine ya kutotolea mayai, sanduku jeupe lenye kidirisha cha kioo juu ya mfuniko, akaiweka chumba cha nyuma, akapanga mayai arobaini na nane, akangoja. Siku ya kumi na nne umeme ukakatika kutwa kucha, mayai yakaharibika. Akapanga mengine. Yalipofika siku ya kumi na saba, umeme ukakatika tena.

Wiki ile ile kulikuwa na kikao cha familia. Mtu akauliza mbona Mama Vifaranga amechelewa, na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, akajibu bila kuinua macho kwenye kikombe chake: "Mwacheni, yuko na sanduku lake la kuchemshia mayai. Leo siku ya kumi na saba, bado hayajaiva."

Mama Vifaranga alikuwa ameshafika mlangoni, anavua viatu. Alisikia kila neno. Ukoo mzima ulicheka mpaka watu wakashika mbavu, na mumewe naye alicheka, kisha alipomwona akajifanya amepaliwa na chai.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa wifi yake. Ikatimu miezi minne, na kilichowatenga ni ukuta tu, tena ukuta ambao ukisimama juu ya ndoo unaona upande wa pili.

Akajiapia kwamba atajaribu mara ya tatu, na ya tatu ikiharibika, mashine anampa atakayeitaka na wifi yake atakuwa amesema kweli. Lakini safari hii hapangi yai hata moja mpaka awe na umeme wake mwenyewe. Wakaenda dukani, yeye na mumewe, ambaye wote walimwita Mzee, kutafuta betri ya sola ya nyumbani, zile zinazofanana na kisanduku chenye mpini, zenye soketi mbele na kioo kidogo cha kuonyesha namba.

Mzee alikuwa fundi saa. Miaka arobaini alikaa na lenzi jichoni, na alistaafu vidole vikiwa bado vinatafuta kitu cha kufungua. Akazunguka betri zile, akahesabu soketi, akagonga ubavu wa moja kwa ukucha na kusikiliza.

"Hii ni ya kubebeka," dada muuzaji akasema, akionyesha kubwa kuliko zote.

"Na nani?" Mama Vifaranga akauliza. Akashika mpini, akainua kidogo, akairudisha chini polepole. "Hii inambeba mtu, siyo mtu kuibeba."

Akajaribu ya pili, akajaribu ya tatu, na hiyo ya tatu akazunguka nayo duka zima kwa mkono mmoja, kama mtu aendaye sokoni. Akasema ni hii, pamoja na paneli yake ya kukunja.

"Hiyo ina wati-saa mia saba," alisema dada muuzaji. "Sasa maana yake, mzee wangu, ni kwamba..."

"Binti," Mzee akamkatiza kwa upole, "kwenye saa usinifundishe."

Basi maelezo yakabaki kinywani mwa dada yule, na Mzee akarudi mtaani na maelezo yake mwenyewe. Kila aliyepita mlangoni alisimamishwa. "Saa mia saba. Gawanya kwa ishirini na nne. Siku ishirini na tisa na ushee. Mayai yanataka siku ishirini na moja tu. Hizo nane zilizobaki sijui tutazifanyia nini."

Alipata la kuzifanyia. Siku ya kumi na tisa ya mayai, saa nane mchana, transfoma ya pale njia panda ilitoa mlio mmoja na moshi. Mafundi wa umeme wakaja, wakaitazama kutoka chini, wakasema siku tatu, wakaondoka. Mama Vifaranga akachomeka mashine yake kwenye betri, taa ya mashine ikawaka, naye akashusha pumzi. Mzee akaweka kiti mlangoni, akawa kama mwenye kiwanda. Simu za majirani zikaja saba kuchajiwa. Akaja kinyozi na mashine yake ya kunyolea. Mzee akajaribu na birika la umeme, betri ikapiga kelele na kuzima yote, ikabidi waiwashe upya.

"Imepiga chafya tu," akasema Mzee. Lakini birika alilirudisha jikoni.

Asubuhi, saa mbili, Mama Vifaranga alimkuta amepiga magoti mbele ya betri. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena. Kioo kilisema asilimia kumi na moja.

"Mama," alisema taratibu, "hii saa inakimbia."

"Inakimbia, au imekimbizwa na simu saba na kinyozi?"

Akampigia simu dada wa dukani, akaweka sauti kubwa ili na Mzee asikie. Dada yule hakucheka, au alicheka mbali na simu. "Mama, mia saba siyo muda. Ni ukubwa wa pipa. Mashine yako inateka kama thelathini kila saa, kwa sababu inapasha moto na kupumzika. Pipa likijaa linakutosha kama saa ishirini, mayai peke yake. Mkiwagawia na majirani, ndiyo hivyo. Hapo mlipo mna saa mbili, mbili na nusu. Tandazeni paneli juani sasa hivi."

Mzee akatoka na paneli. Mama Vifaranga akainamia kidirisha cha mashine kuangalia kipimajoto, na hapo ndipo aliposikia. Alidhani ni mlango. Akashikilia pumzi, akaweka sikio kwenye mfuniko. Ndani ya ganda moja, tena ndani ya jingine, kulikuwa na mtu anaita, sauti nyembamba kama ya uzi unaokatika.

Alipotoka uani alimkuta mumewe anazunguka na paneli kama mtu aliyebeba mlango asiyejua nyumba yake. Ua wote aliuezeka mabati mwenyewe mwaka juzi, kwa ajili ya mvua, na akajisifu mwezi mzima. Chini ya mabati hayo kioo kilionyesha wati tisa. Barabarani waya haukufika. Na paa hakuna aliyethubutu kulitaja, maana mara ya mwisho Mzee kupanda ngazi, majirani wanne ndio waliomteremsha.

Jua lilikuwepo, tena la kutosha. Lote lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Wifi alikuwa dobi, na uwanja wake haukuwa na mti wala kibati, ni kamba tu na nguo za watu.

Mzee ndiye aliyetangulia kwenda, kwa kuwa ni dada yake wa damu. Alirudi upesi, paneli ingali kwapani.

"Amesemaje?"

"Amesema mwenye mayai aje mwenyewe."

Mama Vifaranga akafunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena, akaenda.

Wifi alikuwa anaanika mashuka ya nyumba ya wageni, kibanio kimoja mdomoni. Hakugeuka.

"Hodi."

"Karibu, kama hujapotea."

"Sijapotea, wifi."

"Ah, kumbe ni wewe. Miezi minne, nikajua umesafiri. Kikohozi chako nilikuwa nakisikia ukutani, nikasema labda ni redio."

"Nimekuja kuomba jua."

Wifi akatazama juu, kama vile jua nalo kalianika yeye. "Hili nimeshalipangia kazi. Kamba hii mashuka, kamba ile sare za wauguzi. Unataka la saa ngapi hadi saa ngapi?"

"Kuanzia sasa mpaka jioni. Kesho pia."

"Yote hayo ya nini?"

"Ya mashine yangu."

"Mashine ipi? Kwako zimo nyingi, akiwemo na kaka yangu."

"Ile ya mayai."

"Ile ina jina," alisema wifi, akivuta pembe ya shuka ikae sawa. "Nililitoa mimi mwenyewe."

Mama Vifaranga angeweza kugeuka. Aliliona lango, hatua sita. Nyuma ya ukuta namba ilikuwa inashuka, na wale waliokuwa wakiita ndani ya maganda hawakujua kama kuna ugomvi wa mtu na wifi yake.

"Wifi," alisema, na akalisema lote bila kuruka neno, "naomba jua la sanduku langu la kuchemshia mayai." Kisha, kabla mwenzake hajapata nafasi ya kucheka: "Na wanalia. Nimewasikia asubuhi hii, wako ndani ya ganda wanalia."

Kibanio kikatoka mdomoni kwa wifi.

"Wanalia?"

"Wanalia."

Wifi akaanza kuanua mashuka, yangali yanachuruzika, akayarudisha beseni moja baada ya jingine mpaka kamba ya kwanza ikabaki tupu.

Mzee akapitisha waya dirishani na juu ya ukuta, akatandaza paneli.

"Siyo hapo," alisema dada yake. "Hapo saa tano kivuli cha tangi la jirani kinafika. Leta huku. Inamishe. Umetengeneza saa miaka yote hiyo hujui jua linapita wapi?"

"Arobaini," Mzee akasoma alipokimbilia upande wake. "Mia na ishirini. Mia na arobaini na tano."

"Na wewe usirudie kutangaza saa mtaani."

Siku nzima wifi aliigeuza paneli ile kila alipomaliza beseni moja. Jioni betri ilikuwa imejaa, na safari hii simu zilizokuja mlangoni zilirudishwa kwa adabu.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja kulikuwa na mawingu ya kuvunjikavunjika. Paneli haikuweza kuachwa. Wifi aliishika kwa mikono yake, akiifuatisha upenyo wa jua. Mama Vifaranga alikuwa kidirishani.

"Mmoja ametoa mdomo," aliita ukutani.

"Wa rangi gani?"

"Hana rangi, amelowa kama mashuka yako."

"Ametoka?"

"Ametoka. Na mwenzake. Na huyu wa pembeni."

"Hebu nieleze vizuri basi. Mimi nimeshika jua lenu huku, siwezi kuondoka."

Mama Vifaranga akasimama. Akatoka, akazunguka kwa nje, akaingia lango la wifi bila hodi, akamtoa paneli mikononi.

"Nenda ukaone. Mfuniko usifungue, watapigwa na baridi."

Wifi alifuta mikono kwenye gauni mara tatu, akaenda karibu na kukimbia, mtu wa umri ule.

Mama Vifaranga akabaki katikati ya kamba za nguo, mikono juu. Alisikia sauti ya Mzee ikianza kueleza habari za wati, ikakatizwa.

"Kaka, sogea, kichwa chako kinaniziba. Saba. Huyu wa nane. Jamani, anavyojikokota." Halafu sauti ikapanda, ikaja moja kwa moja ukutani. "Wifi, umeshusha mno. Huku imeanguka, sitini tu. Inua."

Mama Vifaranga akainua.

"Tena kidogo. Mia na kumi. Hapo hapo, usitikisike, kuna mwingine anatoboa."