Majirani wa Ukutani

Kabla hakujapambazuka, kinu cha kahawa kilisaga juu ya kichwa changu: mizunguko michache tu, kahawa ya mtu mmoja. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Bibi de Mérancourt ameamka salama. Nami, katika chumba changu cha bawabu kando ya lango, nikavaa viatu.

Jumba lile la Dijon lilijengwa na hakimu wa ukoo wake, enzi za wafalme: ua katikati, mabawa mawili yakitazamana. Bawa la kushoto lilikuwa na vyumba. La kulia lilikuwa ukuta mtupu ulioegemea nyumba ya jirani, lakini hakimu hakutaka ua wenye jicho moja. Akaamuru ukuta uchorwe madirisha, vioo na mapazia, sawasawa na yale ya kweli. Kufikia wakati wangu, mume wa Bibi na dada zake wote walikwisha kuzikwa, na sebule zilifungwa isipokuwa moja. Kila asubuhi alisimama dirishani na kikombe chake, akayainamia kidogo yale madirisha ya rangi, kama mtu anayewasalimu watu. Sikumuuliza. Mimi pia nilikuwa mjane. Nilikuwa naongea na jiko.

Mwaka ule mvua ilikuwa imeyafuta karibu yote. Mpwa wake wa Paris akamleta fundi wa rangi, Gauthey, na agizo kwamba juu ya madirisha hayo achore mbao za kufungia tu, kazi iishe upesi. Nilipompelekea Bibi habari hiyo, alitazama ng'ambo ya ua.

"Kwa hiyo wamehama wote," alisema.

Mchana hakugusa chakula. Nilishuka nikamweleza fundi jinsi Bibi anavyoyasalimu yale madirisha, nikidhani atacheka. Alinitania kwamba nyumba hii hata kuta zina wapangaji, kisha akafuta brashi yake polepole. Mwishowe akaomba kupanda juu; alisema hawezi kuchora kivuli bila kukaa pale anapokaa mtazamaji.

Tangu hapo alipanda kila siku. Bibi alimweleza jua linapita wapi na kivuli cha bomba la moshi kinafika ukutani saa ngapi. Fundi aliitikia kwa makini, ingawa mimi nilikuwa nimeona mstari wa kivuli hicho pale ukutani, ameuchora kwa chaki kabla hajauliza lolote. Nikaanza kuoka vimaandazi vya jibini vya watu wawili. Bibi alifungua sebule ya pili ili waone vizuri, na nikawasikia wakibishana juu ya rangi ya mapazia, Bibi akimwambia ana macho ya mpaka chokaa.

Mbao alizichora, kama alivyoagizwa. Ila alizichora zikiwa wazi, vioo nyuma yake, na penye kioo kimoja pazia limevutwa kidogo, kana kwamba kuna mtu amelishika.

Siku jukwaa la fundi la kupandia ukutani lilipoondolewa, Bibi alimsindikiza mwenyewe hadi langoni, akishuka ngazi za mawe ambazo hakuwa amezishuka tangu mazishi ya mwisho. Nilisimama na funguo mkononi, nikijifanya natafuta ule wa lango.

"Rangi hiyo itachukua muda gani kukauka, fundi?"

"Imeshakauka, Bibi."

Bibi alishika ukingo wa lango, akatazama barabarani, si usoni pa fundi.

"Hata hivyo," alisema, "njoo uitazame."