Pumzi ya Ndizi Mbivu

Haraka haraka ndiyo yenye baraka. Uliza mapafu ya Anjela. Tangu alfajiri binti huyo alikuwa akihema kwa nguvu, kifua kikipanda na kushuka kama viriba vya mhunzi, na pumzi yake ilinukia ndizi zilizoanza kuchacha.

"Amelewa pombe ya mbege," alisema baba yake, Mzee Sadoki, mzee wa kanisa, akiwa mlangoni pa zahanati na kofia mkononi. "Binti wa kwaya! Nitauficha wapi uso wangu usharikani?"

Anande, muuguzi aliyetoka chuoni mwaka ule, alimeza hasira. "Baba, nyumbani anakunywa nini?"

"Maji. Anamaliza mtungi, kisha usiku kucha yuko migombani anakojoa. Mlevi gani hana kiu?"

Philemoni, mganga wa zahanati, alikuwa akivuta dawa ya usingizi kwenye sindano. "Tumtulize. Akilala, pumzi itapoa."

"Ikipoa atakufa!"

Anande alikimbilia jikoni, akachota magadi yaliyowekwa kwa ajili ya makande, akayamwaga kwenye kikombe cha maji ya limau. Povu likafurika hadi mezani.

"Tazameni. Damu nayo ina magadi yake. Mwili wa Anjela umeshindwa kutumia sukari, sasa unachoma mafuta, na mafuta yanamwachia uchachu. Magadi ya damu yanaukabili, inatoka hewa kama hii ya povu, naye anaitoa kwa kuhema. Figo nazo zinautoa kwa mkojo, lakini figo hazina mbio. Mkimzibia pumzi, uchachu utabaki humo humo."

Philemoni akacheka. "Dada Anande, tumekuja kutibu au kupika makande?"

Mzee Sadoki naye akacheka, na kicheko hicho kilimchoma Anande kuliko tusi. Hata kumwona mtoto akifa hawakuona, walichoona ni pombe tu! Philemoni alipoinamia mkono wa mgonjwa, Anande aliipokonya sindano na kuibamiza sakafuni. Kisha akachemsha mkojo wa Anjela pamoja na dawa ya kupimia sukari. Ukabadilika, ukawa mwekundu kama tofali, dalili ya sukari kupita kiasi.

Lori la kahawa lilimteremsha Anjela kutoka mlimani hadi hospitali ya mjini Arusha, kwenye dawa ya kushusha sukari.

Alirudi mlimani amekonda, lakini akipumua taratibu. Jumapili, nje ya kanisa, Mzee Sadoki alimsimamisha Anande, Philemoni akiwa ubavuni pake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu amepona, namshukuru Mungu. Ila ulitupigia kelele sisi wakubwa, ukavunja na sindano ya mwenzio. Heshima ni heshima. Tuombe radhi, yaishe."

Anande alimtazama Anjela akiingia kanisani na wanakwaya wenzake.

"Mlimwita mlevi," alisema. "Siombi radhi."