Kikombe cha Maji ya Uani

Mama alitaka pampu iwekwe chini ya dirisha lake, aisikie akiwa kitandani. Fundi wa visima akatazama dirisha, akatazama choo kilichokuwa upande uleule, akatikisa kichwa.

"Hapa, mama, utakunywa mambo ya chooni. Tusogee kule juu, karibu na kamba ya nguo. Na utaisikia tu. Pampu zangu zina kelele kumshinda mke wangu."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Siku hizo hata kucheka kulimuuma. Ini lilikuwa limeharibika, na hospitali walishamrudisha nyumbani, eti akapumzike. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kimya kwa uchache wa maneno yake, alijua maana ya kupumzika huko. Mama naye alijua, ndiyo maana alikuwa na haraka ya kisima.

Tangu Kimya hajazaliwa, nyumba ile ilichota maji kwa jirani. Jirani hakuwanyima hata siku moja, ila hakuwapa bila neno. "Mmefika tena? Hivi kwenu mnakunywa au mnamwagilia msitu?" Mama aliinamisha kichwa, akajaza dumu, akashukuru. Majibu aliyatoa akifika nyumbani, akiyaambia masufuria.

"Sitaki makubwa," alimwambia Kimya. "Ninywe kikombe kimoja cha maji ya uani kwangu, basi. Nisiondoke na maji ya mtu tumboni."

Fundi na mwenzake wakachimba. Ukatoka udongo mwekundu, ukaja wa kijivu, mwisho mchanga uliolowa. Wakamwaga kokoto chini, wakapanga pete za zege, wakaweka mfuniko, wakafunga pampu. Kimya alipoukandamiza mpini, pampu ilikohoa, ikatema hewa, kisha maji yakaja, meupe kama yaliyooshewa mchele.

"Nimeisikia," sauti ya mama ikatoka dirishani. "Leta."

Fundi akamshika Kimya mkono. "Bado. Nimetia dawa ya kuua vijidudu, na nimeitia nyingi. Endelea kupampu mpaka maji yawe maangavu na harufu iishe. Mgonjwa kama yule akinywa haya, utakuwa umemmaliza kwa mkono wako mwenyewe."

Kimya akamwomba mama asubiri, na mama akasubiri. Lakini kufika jioni uji ulikuwa unarudi kama ulivyokwenda, midomo imekauka, na kila akifumbua macho aliuliza maji yale. Kimya akarudi uani, akapampu hadi viganja vikachubuka. Akanusa. Dawa tupu.

Akachukua kikombe, akaenda kwa jirani.

"Na kisima chote kile?" jirani akauliza.

"Nipe hiki tu, mama."

Jirani akamtazama usoni. Akajaza kikombe, asiongeze neno.

Kimya akamwinua mama kichwa. "Haya hapa. Ya kwetu."

Mama akaonja. Akayaweka mdomoni kitambo, kama mtu anayetafuta kitu gizani, kisha akameza.

"Haya ni ya jirani."

Kimya akakiweka kikombe chini.

"Nimeyabeba kichwani tangu sijakuzaa, mwanangu. Yana chumvi kwa mbali, huku nyuma ya ulimi. Ulidhani nitayasahau?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kimya zaidi. "Ya kwetu yana nini?"

"Yana dawa. Fundi amekataza. Nimeogopa, mama."

Mama akafikiri. "Amekataza kunywa. Na kunawa je?"

Kimya akaleta beseni la maji ya kisima. Akaitumbukiza mikono ya mama humo, mmoja baada ya mwingine, taratibu, ilivyokuwa myepesi. Mama akafumba macho.

"Baridi," akasema. Akajinusa viganja, akakunja pua. "Mnanitoa hospitali, mnaniletea hospitali nyumbani."

Wakacheka, mama kwa sauti ndogo, Kimya akiwa amegeuza uso pembeni.

Alfajiri mama alikuwa ameshakwenda.

Wanawake walipokusanyika kumwosha, jirani ndiye aliyetangulia, ndoo imejaa kila mkono. Akazitua mlangoni, akasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Asante, mama," Kimya akasema. "Ya kumwosha tunayo."

Jirani akaitikia kwa kichwa. Akamwaga ndoo moja kwenye mchicha, akaibeba tupu, akamfuata Kimya uani na kuiweka chini ya pampu.

Kimya akaukandamiza mpini. Maji yakaja, maangavu, ukaonekana mkwaruzo ulioko chini ya ndoo. Akayakinga kiganjani, akayanusa. Hayakunuka kitu. Akayaonja. Hayakuwa na chumvi.

Alibaki ameinama pale, mkono bado mdomoni. Jirani akamshika bega, na Kimya akaushika mpini tena, maana ndoo ilikuwa haijajaa.