Bwawa Tupu la Vila Norminda

Kwa mara ya nne asubuhi ile Tainara Quirino alinyeshesha mvua ndani ya kompyuta, na kwa mara ya nne mtaa wake haukulowa. Alibofya, mstari wa buluu ukapanda bwawani, ukaukaribia mstari mwekundu wa ukingo, ukasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha ukashuka taratibu. Bondeni chini ya bwawa, Mtaa wa Jacutinga, huko Vila Norminda, ulibaki mkavu.

Alikuwa na haki ya kushangaa. Alipanga chumba huko Jacutinga, nyumbani kwa bibi mmoja, Dona Zulmira, na Januari iliyopita aliamka akakuta viatu vyake vinaelea.

Ofisi yao, kampuni ndogo ya mainjinia katikati ya São Paulo, ilipewa na manispaa moja ya pembezoni kazi ya kukagua bwawa la Vila Norminda. Ni shimo kubwa la zege linalomeza mvua za mchana na kuzishikilia mpaka mto upungue, ndipo pampu ziyatoe maji kidogo kidogo. Wenyeji huliita bwawa la kuogelea, kwa kejeli, maana hata mbwa hawaogelei mle. Manispaa ilitaka kujua jambo moja tu. Kama bwawa halitoshi, litarekebishwa na watu wa Jacutinga watabaki kwao. Kama linatosha, basi kosa ni la nyumba zilizojengwa kwenye njia ya maji, na zitabomolewa. Ripoti ilitakiwa alasiri hiyohiyo. Tainara hakuwahi kumwambia mtu ofisini anakolala, kwa sababu anuani ya Vila Norminda haijampa mtu kazi.

Akaanza kuichokoza ile programu ya kuigiza mafuriko. Akaongeza mvua, akabana bomba la kutolea maji, akazima pampu moja. Mtaa ukakataa kulowa. Mwishowe akafungua jedwali la bwawa lenyewe, lenye safu mbili tu: kina, na eneo la maji katika kila kina. Nambari zote zilitoka kwenye mchoro wa siku bwawa lilipozinduliwa, yeye akiwa bado shule ya msingi. Kumbe siku zote hizo kompyuta ilikuwa ikimimina maji kwenye bwawa jipya.

Akampigia simu Amauri, mkuu wa mifereji wa manispaa, ambaye watu wote humwita daktari ingawa hajawahi kumpa mgonjwa hata kidonge. Akamuuliza sakafu ya bwawa ilipimwa lini mara ya mwisho. Daktari Amauri akamjibu kwa upole mwingi kwamba bwawa husafishwa kila mwaka, mkataba wa usafi upo, na binti atumie mchoro aliopewa.

Kuuliza si ujinga, lakini wapo wanaokujibu ili usiulize tena. Tainara hakuwa wa kunyamazishwa hivyo. Swali likishamwingia lilimwasha mwili mzima. Saa ya chakula ilipofika aliacha wali na maharage yake mezani, akapanda treni.

Bwawa lilikuwa kavu. Mlinzi wa pampu, Genival, mtu wa makamo aliyeajiriwa miezi michache nyuma, alikuwa chini kabisa, ameketi kwenye benchi refu la bomba akila chakula chake. Tainara alionyesha kitambulisho cha ofisi, akaomba kushuka.

"Shuka tu, dada," Genival alisema. "Ila ukisikia ngurumo usiniage. Kimbia."

Sakafu ilikuwa udongo mgumu uliopasuka, una nyasi, matairi na nusu ya kochi. Tainara aliupiga teke, akauinamia, akaunusa. Halafu macho yakamrudia kwenye benchi. Lilikuwa refu mno, lingeweza kukaliwa na timu nzima pamoja na kocha. Nani alihangaika kutengeneza benchi kubwa hivi mahali asipopita mtu?

"Nimelikuta," Genival alisema. "Zuri, sema halina pa kuegemea."

Tainara alipapasa chini ya bomba, akakuta vikulabu vidogo vimepangwa mstari mmoja. Akaenda kwenye ncha yake, akapiga magoti na suruali yake ya ofisini, akafukua kwa kipande cha kigae. Bomba lilikunja kona likashuka chini, limepakwa rangi nyeupe, na kadiri alivyofukua ndivyo lilivyoendelea kushuka.

"Kaka Genival, hili si benchi. Ni goli, na vikulabu hivi ni vya wavu. Umekalia mtambaa panya."

Genival alitazama kushoto, akatazama kulia, akafunika chakula chake. "Basi kipa wa hapa alikuwa mfupi sana."

"Kipa alikuwa mrefu. Sakafu ndiyo imepanda."

Jambo lenyewe kila mtu wa Vila Norminda alilijua. Miaka ya mwanzo, miezi isiyo na mvua, walicheza ligi yao sakafuni mwa bwawa, na mechi ya fainali ilijaza watu kingo zote. Ligi ilikufa, na hakuna aliyejiuliza magoli yalikwenda wapi. Yalikuwa palepale. Mtambaa panya ambao mtu mzima aliugusa kwa kuruka sasa ulikuwa usawa wa magoti. Tainara alipiga picha, akacheka peke yake kwa furaha ya aliyetegua kitendawili kilichowashinda wenzake.

Ofisini alipandisha sakafu ya bwawa kwenye jedwali kwa kimo cha ule udongo, akabofya. Mstari wa buluu ulipanda, ukaupita mwekundu, ukakaa huko juu. Jacutinga ikafunikwa yote. Akapiga kofi moja la shangwe, kisha akakumbuka kitanda chake kiko wapi, mikono ikamwishia hewani.

Injinia Lineu, mwenye ofisi, alikuja pamoja na daktari Amauri, aliyefuata ripoti yake. Lineu alikuwa mtu mwema mwenye vidonda vya tumbo. Aliitazama picha ya goli kwa muda mrefu.

"Nani alikutuma huko?"

"Hakuna. Nilitaka kujua kwa nini maji yanaingia pale kompyuta inaposema hayaingii."

Daktari Amauri alisema kwamba hilo ni goli la watoto. Tainara akamwonyesha picha ya nguzo iliyofukuliwa. Ndipo daktari akasema ofisi iliombwa kukagua bwawa lililojengwa na manispaa, si bwawa lililojazwa taka na majirani wasio na adabu. Tena, akaongeza bila haya yoyote, ripoti ikitaja udongo, madiwani watauliza kampuni ya usafi imekuwa ikilipwa kwa kazi gani.

Lineu aliketi kwenye kiti cha Tainara, akarudisha nambari za zamani kwa mkono wake. Mstari ukapanda, ukasita, ukashuka.

"Sipendi, Tainara," alisema. "Lakini tukiikosa manispaa, hapa sote tunafunga virago. Weka jina lako kama injinia mhusika, tumalize."

"Weka lako, Injinia. Mimi nalala Jacutinga."

Lineu akaweka jina lake, kwa urahisi wa mtu anayepokea kifurushi mlangoni. Daktari Amauri aliichukua ripoti, akamshauri Tainara, kwa upole uleule, aanze mapema kutafuta chumba kingine.

Tainara alipofika nyumbani mawingu yalikuwa yameshashuka hadi kwenye antena za nyumba. Dona Zulmira, mjane anayeshona jinzi za kiwandani hapo sebuleni, alikuwa ameshachomeka bamba la chuma mlangoni kuzuia maji na anapanga juu ya meza matofali ya kuinulia cherehani. Tainara alimweleza yote pale pale kizingitini: goli, jedwali, jina alilokataa kuandika. Alimwambia kwamba ripoti imekwenda, na kwamba inasema nyumba ndizo zilizokosea.

Dona Zulmira alimsikiliza huku anapanga matofali. Alizaa watoto watatu katika nyumba ile. Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.

"Na hiyo kompyuta yenu," aliuliza, "mvua ya leo inasema maji yatafika wapi?"

"Inasema hayafiki, Dona Zulmira. Inasema hapa ni pakavu."

Bibi aliinama, akashika upande mmoja wa cherehani.

"Basi iite, mwanangu, ije ishike upande wa pili."

Tainara aliweka mkoba juu ya kabati, akavua viatu, akaja kushika.